Hasi 40 kwenye skana: pima sensa ya joto la hewa kabla hujaenda kununua spea Kirinyaga Road

Kuna namba mbili za joto la hewa inayoingia kwenye injini ambazo zikitokea kwenye skana, kile kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, zinafaa zikuzuie kutoa pesa mfukoni: nyuzi hasi 40 na 140. Hewa ya Nairobi haifiki hasi 40 hata asubuhi ya Julai kule Limuru, na inayoingia kwenye injini ya Vitz haigongi 140 hata ukikwama Mombasa Road saa nane mchana mwezi wa Februari. Hasi 40 maana yake njia ya umeme imekatika mahali fulani. 140 maana yake nyaya mbili zimegusana. Namba hizo peke yake hazisemi kwamba sensa imekufa, lakini hiyo ndiyo sentensi ya kwanza utakayoisikia gereji: "Mkubwa, hii sensa imeenda. Tuma pesa tulete nyingine."

Sensa yenyewe ni kitu kidogo, tone jeusi au la kijivu ambalo halifiki ukubwa wa punje ya mtama. Ndani yake ukinzani wa umeme hushuka joto linapopanda. Kompyuta ya injini hutuma volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake, halafu inaangalia ni volti ngapi zimebaki kwenye waya. Hewa ikiwa baridi ukinzani ni mkubwa na volti hubaki juu. Ikiwa moto, ukinzani ni mdogo na volti hushuka. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Kwa Toyota nyingi zilizojaa mjini, sensa isiyo na ubovu husoma ukinzani wa omu 2,210 hadi 2,690 kwenye nyuzi 20, na omu 490 hadi 670 kwenye nyuzi 60. Ukifuata mkunjo huo, nyuzi 0 inaangukia karibu na omu 5,900 na nyuzi 40 karibu na 1,140. Ziandike kwenye simu, tutazirudia.

Kwenye Probox, Vitz, Fielder na Premio za injini za 1NZ, 2NZ na 1ZZ hutaipata ikiwa peke yake. Imo ndani ya sensa inayopima kiasi cha hewa, ile iliyofungwa kwa skrubu mbili za nyota baada tu ya boksi la filta, yenye soketi ya pini 5. Nissan na Subaru nyingi ni vivyo hivyo. Toyota za zamani zinazopima presha ya hewa badala ya kiasi chake, nyingi huwa na sensa ya peke yake yenye pini 2, imechomekwa kwenye boksi la filta au kwenye bomba la hewa. Volkswagen nyingi zimeiunganisha na sensa ya presha kwenye manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwa silinda. (Na hapo hapo: ukiwasha swichi bila kupiga stata, presha hapa Nairobi husoma kama kilopaskali 83, si 101 unayoisoma kwenye video za watu wanaoishi pwani. Tuko mita 1,700 na ushei juu ya bahari. Usibadilishe sensa ya presha kwa sababu hiyo.)

Tofauti hiyo ya aina mbili za magari ndiyo inayoamua madhara. Gari linalopima presha hulazimika kupiga hesabu ya uzito wa hewa kwa kutumia joto. Hewa ikiwa nyuzi 28 na sensa ikadanganya kwamba ni 5, kompyuta inadhani hewa ni nzito kwa asilimia 8 kuliko ilivyo, na inamwaga petroli kulingana na uongo huo. Sensa ya oksijeni kwenye egzosi itarekebisha ikishapata moto, lakini wakati wa kuwasha na wakati wa kukanyaga mafuta hadi chini hairekebishi kitu. Gari lenye kipimo cha kiasi cha hewa halidhuriki sana upande wa petroli, kwa sababu uzito wa hewa linaupima moja kwa moja. Kwake joto la hewa huingia zaidi kwenye majira ya cheche. Kompyuta ikidhani hewa ni baridi kumbe ni moto, cheche inakuja mapema na injini inaanza kugonga ukipanda mlima na mzigo. Ikidhani hewa ni moto kumbe ni baridi, cheche inacheleweshwa na gari linakuwa zito bila sababu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sensa iliyokatika kabisa haina madhara makubwa kwenye Toyota. Kompyuta ikiona hasi 40 au 140 inawasha taa ya injini, inaitupa namba hiyo na kufanya kazi kana kwamba hewa ni nyuzi 20. Kwa hali ya hewa yetu hilo ni kisio zuri tu. Kwa hiyo kama gari linakunywa mafuta kupita kiasi, linatoa moshi mweusi na taa ya injini imewaka kwa kosa la joto la hewa, usiridhike upesi kwamba umempata mwizi. Sensa ya kuogopa ni ile inayosoma namba inayofanana na ukweli, taa haiwaki, na wewe unabadilisha plagi na pampu mwezi baada ya mwezi.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni cha asubuhi. Liache gari lilale nje usiku kucha, kisha kabla ya kupiga stata chomeka skana na uwashe swichi tu. Kile kiskana kidogo cha bluututhi kinachosoma kwa simu kinatosha, ingawa baadhi ya magari ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayaelewani na kila skana. Angalia joto la hewa, joto la maji ya injini na joto la nje. Yote matatu yanatakiwa yawe jirani. Ukiona maji 14, nje 13, hewa 15, sensa iko sawa kwa upande wa baridi. Ukiona maji 14 na hewa 24, kuna tatizo, hata kama taa haijawaka.

Kisha washa, endesha hadi injini ipate moto na urudie kuangalia. Hapa watu wengi hukosea. Ukiwa kwenye foleni, joto la boneti hupanda na sensa husoma 45, 50, wakati mwingine 60. Huo ni ukweli, hewa iliyo ndani ya boksi imefika hapo. Ingia barabara iliyo wazi, shika kilomita 60 kwa saa kwa dakika chache, na namba inatakiwa ishuke hadi nyuzi chache juu ya joto la nje. Ikikataa kushuka, usikimbilie sensa. Angalia kwanza kama lile domo la plastiki linaloleta hewa ya nje kwenye boksi la filta bado lipo. Magari mengi yaliyogongwa mbele yakanyooshwa hayana domo hilo tena. Yanavuta hewa iliyotoka kwenye rejeta, na sensa inaripoti joto la kweli la hewa hiyo.

Sasa tuje kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinahitaji skana na kipande cha waya tu. Zima swichi, chomoa soketi ya sensa, washa swichi tena bila kupiga stata. Skana inatakiwa isome hasi 40. Zima tena. Chukua waya mwembamba uunganishe pini mbili za joto la hewa upande wa soketi yenye nyaya. Kwenye Toyota ya pini 5, ni pini ya 4, iitwayo THA (waya wa ishara ya joto), na ya 5, iitwayo E2 (waya wa kurudisha umeme kwenye kompyuta). Uwe mwangalifu mno: pini ya 1 kwenye soketi hiyo hiyo ina volti 12, na ukiipeleka volti 12 kwenye THA unaweza kuunguza kompyuta. Kama huna uhakika wa kuhesabu pini, tafuta mchoro wa gari lako kwanza. Ukishaunganisha, washa swichi. Skana inatakiwa iruke hadi karibu 140.

Ikienda hasi 40 na ikaenda 140, nyaya na kompyuta ni nzima, na tatizo liko kwenye sensa au kwenye mshiko wa pini zake. Lakini tazama namba kwa makini, usiridhike kwamba "imesonga". Ukichomoa soketi na badala ya hasi 40 ikasoma hasi 11 hivi, kuna mvujo wa kama omu 10,000 kati ya nyaya mbili, kwa kawaida maji au uchafu ndani ya soketi. Ukiunganisha pini na badala ya 140 ikasimama kwenye 44, kuna omu 1,000 za ziada njiani: pini yenye kutu au waya uliobaki na nyuzi mbili tatu za shaba.

Na hapa ndipo kipimo cha asubuhi na kile cha moto vinaposaidiana. Omu 1,000 za ziada kwenye nyuzi 25 zitafanya isome kama 15, lakini hewa ikifika 60 itasoma kama 31, kwa sababu sensa yenyewe imebaki na omu 600 tu na zile 1,000 ndizo zinazotawala. Mvujo wa maji ni kinyume chake: kwenye hewa moto karibu hauonekani, na asubuhi ya baridi unaongeza nyuzi 6 au 7. Ubovu wa njia huonekana kwenye joto, mvujo huonekana kwenye baridi. Ukipima mara moja tu, saa sita mchana, utaukosa mmoja wao.

Namba za hitilafu nazo zisomwe kwa pamoja. P0113 ni njia iliyokatika, P0112 ni nyaya zilizogusana, P0111 ni namba isiyoeleweka, P0114 ni inayokuja na kuondoka. P0113 ikija pamoja na P0102 ya kiasi cha hewa kwenye gari la pini 5, mara nyingi mtu amebadilisha filta ya hewa akasahau kurudisha soketi. Fungua boneti utaikuta inaning'inia. P0113 ikija pamoja na P0118 ya joto la maji, shuku waya wa E2, kwa kuwa sensa hizo mbili zinautumia kwa pamoja. Kwenye Toyota za zamani zisizokubali skana, ukiunganisha pini za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia kilicho chini ya boneti, taa ya injini itapepesa: mara mbili, kituo, mara nne. 24 ndiyo joto la hewa.

Kama skana haikufika 140, chukua multimita. Soketi ikiwa nje na swichi imewashwa, pima kati ya THA na E2: inatakiwa iwe karibu volti 5. Ukipata 0, hamisha ncha nyeusi uiweke kwenye bodi ya gari. Volti 5 zikitokea sasa, THA ni nzima na E2 ndio uliokatika. Zisipotokea, THA imekatika au imegusa bodi. Zima swichi, chomoa soketi ya kompyuta, kisha pima waya toka mwisho hadi mwisho: chini ya omu 1 ni mzima, na kati yake na bodi pasiwe na njia kabisa. Unapopima, mwambie mwenzako auchezeshe waya kuanzia kwenye soketi hadi unapopita ukutani mwa injini. Namba ikiruka, umefika. Usisukume ncha nene ya multimita ndani ya pini jike. Itaitanua, na utakuwa umetengeneza hitilafu ambayo hukuja nayo. Tumia sindano, uingie kwa nyuma ya soketi.

Kuhusu sensa yenyewe, ile ya pini 2 ipime kwa barafu. Glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo ni nyuzi 0 bila kuhitaji kipimajoto. Zamisha ncha tu kwa dakika 3 na utafute omu 5,900 hivi. Kisha maji ya vuguvugu pamoja na kipimajoto. Ile ya pini 5 usiizamishe kamwe, ina waya wa moto mwembamba kama unywele. Pima pini ya 4 na ya 5 kwenye joto la chumba, halafu ipulizie draya ya nywele kwa mbali. Namba inatakiwa ishuke taratibu bila kuruka. Ikishuka kwa kurukaruka, au ikikwama mahali, imeenda kweli.

Mara nyingi hapa mjini, chanzo si sensa. Cha kwanza ni kuosha injini kwa mashine ya presha. Maji yanaingia nyuma ya soketi ambayo mpira wake umekauka, na baada ya wiki kadhaa pini zinaota ule unga wa kijani. Cha pili ni watu wa alamu na traka wanaobandua waya wowote walioukuta karibu na kuufunga kwa teipu ya karatasi. Cha tatu ni panya, hasa gari likilala karibu na jaa au kibanda cha nafaka. Cha nne ni umri: soketi ya plastiki inakauka, kikofia kinachoifunga kinavunjika, inashikiliwa na uzi au haishikiliwi na chochote.

Pini za kijani zisafishe kwa spirei ya kusafishia umeme na mswaki mlaini, uziache zikauke, kisha ujaribu kila pini jike kwa pini dume ya ukubwa uleule. Ikiteleza bila kushika, ibane kidogo kwa sindano au badilisha soketi. Kwenye spea za kuchinjwa, zile zinazotolewa kwenye magari yaliyovunjwa, soketi huuzwa ikiwa na kipande cha nyaya, na hiyo ndiyo unayoitaka: omba angalau sentimita 15 ili maungio yakae mbali na mtikisiko. Unganisha kwa solda, vuta juu yake mpira unaonywea kwa joto, na uyapishe maungio ya waya mmoja na mwingine yasikae bega kwa bega. Kusokota na kufunga teipu kunafika hadi mvua za Aprili.

Uchafu kwenye sensa ya pini 5 husafishwa kwa spirei maalumu ya sensa ya hewa, si ya kabureta, wala petroli, wala thina. Hizo nyingine zinaacha utando au zinakula plastiki. Ifungue, ishike kichwa chini, puliza mara kumi hivi bila kugusa chochote kwa kidole wala pamba, iache ikauke dakika 15. Ukweli ni kwamba kusafisha husaidia zaidi waya wa kiasi cha hewa. Tone la joto likipata vumbi linachelewa kuitikia tu, halidanganyi.

Ikibidi kununua, nenda na ya zamani mkononi na ulinganishe namba yote iliyochapwa kwenye plastiki, si umbo. Kwa Toyota namba ya pini 5 huanza na 22204, lakini tarakimu zinazofuata ndizo zinazoamua, na mbili zinazofanana kama mapacha husoma hewa tofauti. Ya kutoka Japani iliyotumika mimi naiamini kuliko mpya isiyo na jina. Beba multimita dukani. Weka ncha kwenye pini ya 4 na ya 5 hapo hapo kaunta: asubuhi ya kawaida ya Nairobi utaona omu 2,000 na kitu. Sasa ihemee kwa karibu kama unayesafisha miwani. Namba inashuka na kila pumzi, 1,900, 1,700, na ukiacha inapanda tena polepole. Isiposhuka, irudishe kwenye kaunta. Na mtu akikuuzia "chipu ya nguvu" inayochomekwa mahali pa sensa hii, anakuuzia rezista ya shilingi chache inayoiambia kompyuta uongo uleule ambao umekuwa ukiutafuta.

Kufunga ni kazi ya dakika kumi. Swichi imezimwa, soketi imechomolewa kwa kubonyeza kikofia, si kwa kuvuta nyaya. Hakikisha mpira wa duara haujapindana, usije ukaingiza hewa ambayo haijapimwa. Skrubu zile zinaingia kwenye plastiki, kwa hiyo zikaze kwa ncha za vidole hadi zikatae, basi. Rudisha soketi hadi isikike "tak". Futa namba za hitilafu kwa skana, au kwa gari la zamani chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa zaidi ya sekunde 10. Usipofuta, taa itajizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo bila kosa. Kesho yake alfajiri, kabla ya kupiga stata, chomeka skana tena: hewa, maji na nje, zote tatu jirani.